Mjomba Aliyechomelewa Ndani ya Gari Lake

Mjomba wangu alichomelewa ndani ya gari lake mwenyewe, Jumamosi, mchana kweupe, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika taa.

Sitanii. Mashine ya kuchomelea, barakoa, cheche, kila kitu. Alipotaka kutoka, mlango ukakataa.

Tulia nikusimulie tangu mwanzo.

Mjomba ana gereji nyuma ya nyumba yake. Mimi hapo ni mpiga rangi. Binti yake, yaani binamu yangu, ndiye mchomeleaji. Tunamwita Cheche, na si kwa ajili ya kazi tu, hata mdomo wake unaunguza. Mke wa Mjomba, Anti, ni fundi cherehani mwenye duka lake la ushonaji mtaa wa pili.

Halafu kuna Malkia.

Malkia ni gari la spoti la zamani. Viti viwili, boneti ndefu kama ulimi wa mbwa aliyetoka kukimbia, na madirisha madogo kiasi kwamba Mjomba, kwa umbo alilojaliwa, hapo anapitisha mkono na salamu tu.

Injini yake ya kwanza ilikuwa dhaifu. Ikiona kilima inakohoa. Mjomba akaona aibu, akatafuta injini kubwa ya silinda sita iliyotolewa kwenye gari la ajali, akaipachika humo.

Siku ya majaribio akamkaribisha Anti kiti cha pili, akakanyaga mafuta.

Jamani. Pua ikainuka, chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, ikajipinda kama nguo inayokamuliwa, na kioo cha mbele kikapasuka chenyewe bila kuguswa na mtu.

Anti akashuka taratibu. Akakung'uta vipande vya kioo kwenye sketi.

"Umeweka moyo wa ng'ombe kwenye mifupa ya kuku," akasema. "Utaniua."

"Nitaimarisha chesisi, mke wangu. Wiki ijayo."

Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo. Malkia akapandishwa juu ya matofali. Kuku wa jirani wakahamia chini ya usukani, wakataga, wakaangua, vifaranga wakakua wakawa wazazi. Ukimuuliza Mjomba, anakwambia, "Nasubiri bati zuri."

Kumbe Anti naye alikuwa anasubiri.

Siku moja tunakula, akasema kama anayeomba chumvi, "Jumamosi anakuja mnunuzi na lori."

"Mnunuzi wa nini?" Mjomba akauliza.

"Wa Malkia. Likitoka getini kwa miguu yake, mimi nikiwa ndani, likarudi bila kupasuka kitu, nitamwambia mtu wa watu arudi alikotoka. Likishindwa, linaondoka mgongoni mwa lori."

Mjomba akacheka. Akatutazama ili tucheke naye. Cheche akainamia sahani yake. Mimi nikacheka kidogo, Anti akanigeukia, nikaacha.

Wiki hiyo Mjomba alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Kuku walipewa notisi ya kuhama. Cheche akaifunika kwa bati nene ile mihimili miwili mirefu ya chesisi, ikawa kama maboksi. Katikati akakingamisha vyuma vya kuishikilia isijipinde tena. Wakaweka kioo kipya cha mbele, breki kubwa, springi ngumu, na sakafu ikakatwa ili giaboksi mpya, iliyonenepa kuliko ya zamani, ipate pa kukaa.

Hadi Jumamosi asubuhi kilibaki kitu kimoja: shafti ya kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Giaboksi mpya ilikuwa ndefu kuliko ya zamani, kwa hiyo shafti ilibidi ifupishwe, ikapelekwa kwa fundi wa mashine.

Mjomba akampigia simu.

"Nipo njiani, mzee."

Unajua fundi akisema yupo njiani maana yake nini. Anatafuta suruali.

Bila shafti gari haliendi hata hatua moja. Mjomba akakaa juu ya tairi, akalitazama geti, akamnong'oneza Cheche kitu. Cheche akatikisa kichwa. Mjomba akanong'ona tena. Cheche akavuta pumzi, akavaa barakoa.

"Naingia nipime kama mguu unafikia klachi," Mjomba akanitangazia. "Wewe shika taa. Cheche, malizia zile sehemu za pembeni."

Akaingia. Milango ikafungwa. Mimi nikaelekeza taa na kugeuza uso, maana macho yangu nayapenda.

Tss. Upande wa kulia. Akazunguka. Tss. Upande wa kushoto.

Hapo hapo lori likapiga honi getini.

Mjomba akasukuma mlango. Kimya. Akausukuma wa pili.

"Haufunguki," akasema.

"Sukuma kama mtu aliyekula, Mjomba."

"Nimesukuma. Hata huu haufunguki."

Cheche akavua barakoa, akapiga magoti, akakagua kwa uso wa daktari mwenye habari mbaya. "Chesisi imekaza mno. Bodi imeshuka kidogo, milango imebanwa. Baba hatoki leo."

Nikaamini. Jasho likanitoka kwa niaba ya mjomba wangu.

Anti akaingia na mnunuzi, bwana mmoja mrefu, mpole, anayeongea taratibu kama yuko msibani. Akalizunguka gari. Akachungulia dirishani.

"Kuna mtu ndani," akasema.

"Habari za leo," Mjomba akamjibu, akatoa mkono wakasalimiana.

"Mama Cheche," akaendelea, "mambo yameharibika. Nimebanwa. Sasa huyu ndugu hawezi kuchukua gari lenye mtu ndani, itabidi arudi siku nyingine."

"Atachukua vyote viwili," Anti akasema.

"Lori lina nafasi," mnunuzi akaongeza.

Mjomba akaurudisha mkono ndani.

Na mimi, kwa huruma na ujinga, nikafungua kinywa. "Si tukate paa tumtoe?"

Mjomba alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Paa la Malkia ndilo roho yake, lote kipande kimoja, lililoviringwa kama yai. Ukilikata, hakuna Malkia tena.

"Kijana ana akili," Anti akasema. "Cheche, leta grenda."

Cheche akaleta. Akaiwasha. Ile sauti ikajaa gereji nzima. Akaisogeza kwenye paa, anamtazama baba yake. Mjomba akafumba macho, akashika usukani kwa mikono yote miwili.

Sekunde zile zilikuwa ndefu kuliko misa.

"Zima," Anti akasema.

Akaniomba taa. Akatandika boksi sakafuni, akalala chali na gauni lake zuri, akaingia chini ya gari. Tukabaki tunaitazama miguu yake.

"Huku upande wa abiria mbona kuna bati juu ya bati?" sauti ikauliza.

"Baba kasema hapo unakaa wewe," Cheche akajibu.

"Anamaanisha mimi ni mnene?" Anti akauliza.

"Nilimaanisha usiumie," Mjomba akasema kutoka ndani.

"Sikukuuliza wewe. Wewe umebanwa."

Akatoka, akajikung'uta. Akapitisha kidole ukingo wa mlango, juu mpaka chini. Kidole kikasimama mahali. Akamtazama Cheche. Cheche akaanza kupendezwa sana na dari.

"Kaka, samahani kwa usumbufu," Anti akamwambia mnunuzi. "Haliuzwi."

Mnunuzi akaaga, akaondoka bila hata kubembeleza. Sijawahi kuona mtu aliyekosa gari akitembea mwepesi vile.

"Na Mjomba je?" nikauliza.

"Abaki humo mpaka jioni. Mimi ni fundi cherehani, mshono wa kushikiza naujua nikiuona. Hufumuliwa mara moja."

Akaenda zake dukani.

Nikainama nione kidole kiliposimama. Nukta moja ya kuchomelea, ndogo kama kifungo cha shati. Upande wa pili vilevile. Hakuna chesisi iliyokaza, hakuna bodi iliyoshuka.

"Mlinificha mimi?" nikalalamika.

"Mdomo wako hauna breki," Mjomba akasema. "Nipe maji ya kunywa."

Shafti ikafika jioni, ikafungwa. Cheche akazifumua zile nukta kwa grenda. Kesho yake Anti akapanda, wakatoka getini, injini inanguruma mpaka majirani wakatoka nje. Wakarudi. Kioo kizima, chesisi imenyooka, Anti anajaribu kununa na uso unamgomea.

Ningeishia hapo, mngenipigia makofi, tukalale.

Ila wiki iliyofuata nilienda dukani kwa Anti kuchukua suruali yangu. Nikamkuta mtu amesimama juu ya kigoda, mikono ameitanua, anapimwa koti.

Yule mnunuzi.

"Huyu si..." nikaanza.

"Huyu ni mteja wangu," Anti akasema, pini mdomoni. "Anaendesha lori la magodoro. Gari hata hahitaji."

Nikatafuta pa kukaa.

"Malkia amekaa juu ya matofali mpaka kuku wamepata wajukuu," akaendelea. "Nimeazima mnunuzi wa uongo, wiki moja tu, chesisi imekamilika. Niambie, kati yangu na mjomba wako, fundi ni nani?"

"Mimi nilisema vizuri lakini?" yule bwana akauliza kutoka juu ya kigoda.

"Hiyo ya lori lina nafasi sikukufundisha."

"Iliniponyoka."

"Sasa Anti, nimwambie Mjomba?"

Akachomeka pini moja kwenye bega la koti, polepole. "Jaribu."

Funzo, ndugu zangu: mwenzako akichoka kukungoja umalize ulichokianza, hatakupigia kelele tena, atakuletea lori. Na ukiona watu wa ndoa ndefu wanagombania kitu, usikimbilie kutoa ushauri. Unaweza kukata paa la watu bure.

Mjomba mpaka leo anawasimulia wateja jinsi alivyomshinda mke wake akili kwa nukta mbili za kuchomelea. Anacheka mpaka machozi. Mimi napiga rangi.

Nimeiandika hapa kwa sababu moja tu: Mjomba hasomi kitu chochote kisicho na picha ya injini.