Kisanduku Kisichofungika

Kosa ni langu, nalisema kabla hamjaniuliza. Nilitengeneza kibodi ya simu ya kuandikia Kinyakyusa. Kila ikikutana na neno isilolijua, ilifungua kisanduku: "Neno jipya. Andika maana yake." Wiki nzima kisanduku kiligoma kutokea, programu inaanguka tu. Siku kilipotokea nilicheza peke yangu chumbani. Nikaondoa hadi kitufe cha kughairi, maana nawajua watu wetu, wangekwepa swali. Kiherehere changu!

Mtu wa kwanza kumwekea alikuwa mama, nilipokwenda kukaa naye kule Ngonga.

Mama na dada yake, mama mkubwa aliyeolewa Karonga, ng'ambo ya mpaka, walikuwa hawasemeshani mwaka wa nne kwa ajili ya shamba la kokoa aliloacha babu. Asubuhi moja mama anageuza kokoa mkekani, ujumbe wa dada yake ukaingia: "Mdogo wangu, nimekosa. Nisamehe."

Mama alijifuta mikono kwenye kitenge, akaketi. Akaandika jina alilokuwa akimwita dada yake utotoni, jina ambalo hata mimi sikuwahi kulisikia. Kisanduku kikatokea.

"Kinataka maana. Sasa niandikie wapi?"

Ndipo nikaona. Kibodi imefunikwa na kisanduku, na kisanduku hakiondoki mpaka uandike. Nikabonyeza kurudi, hola. Nikazima simu, nikawasha. Mama akaanza upya, jina lilelile, kisanduku kilekile.

"Mama, andika 'dada' tu!"

"Dada ninao wengi. Huyu ana jina lake."

Jamani, ubishi wa mama yangu! Tulizima na kuwasha mara nne. Tukapiga, haipokelewi. Nilitamani kuitupa ile simu kwenye mpunga.

Nilipofanikiwa kuifuta kibodi yangu kwenye mipangilio, ujumbe wa pili ulikuwa umeshaingia. Nikamsomea mama: "Nakuona unaandika, unaacha. Unaandika, unaacha. Basi, mdogo wangu, usijilazimishe."

Tukapiga tena. Safari hii simu ilikuwa imezimwa.

Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Alinawa miguu, akabadili kitenge. "Nipeleke mpakani," akasema. Nikawasha pikipiki. Tulipokaribia Kasumulu, pale mpakani, nikamuuliza lile jina maana yake nini.

"Na wewe usiniulize kama kisanduku chako," akasema, na nikasikia analia mgongoni kwangu.