Vituko vya Mume Wangu

Mume wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mzee Vituko. Kila akimaliza nguo ya mteja, kabla ya kuipiga pasi huivaa mwenyewe na kutembea katikati ya vyerehani kama anavyotembea mwenye nguo. Ikiwa suruali ya mwalimu, atapita kifua mbele. Ikiwa blauzi ya karani, atatafuna bila kitu mdomoni huku akikukata jicho. Watu hushika mbavu. "Huyu mzee ana vituko!" wanasema, na kichwa kinamvimba. Husema hivyo kwa mapenzi, kama tunavyomwambia mtoto aliyejipaka unga usoni.

Siku ile, nami nikiwa nimempelekea chakula kibandani, alivaa gauni la mkunga. Mkunga huyo ndiye aliyewapokea watoto wetu wote, na Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake wa pekee. Mguu wake mmoja ni mfupi. Basi mume wangu akajifunga kitambaa kichwani, akachechemea hadi kwenye kioo, akageuka kwa madaha. Mafundi wenzake wakaangua kicheko, kisha kikakatika ghafla. Mkunga alikuwa mlangoni, amekuja kulijaribu gauni lake.

Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Kumbe ndivyo ninavyotembea," alisema.

"Shemeji, ni vituko tu," mume wangu akababaika, gauni likimbana kwapani. "Utani tu, haki ya Mungu."

"Naelewa, shemeji. Livue basi, lisije likachanika."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Harusini tulikwenda, uso tumeuweka wapi sijui. Gauni lilimkaa mkunga vizuri ajabu. "Amelivaa," mume wangu akaninong'oneza. "Yameisha." Nikamwambia anyamaze.

Kisha mshereheshaji akamwita mama wa bibi harusi aende kumwingiza mwanawe ukumbini. Binti alisimama mlangoni, mkono ameunyoosha. Mkunga akatabasamu, akatikisa kichwa, akamsukuma mdogo wake aende badala yake. Picha zote alipigwa ameketi. Hata muziki ulipopigwa na binti mwenyewe akaja kumvuta mkono, hakuinuka.

Jirani wa meza yetu, asiyejua lolote, akampiga mume wangu begani. "Mzee, mbona umepoa? Leo hutuonyeshi vituko?"

Mume wangu akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mimi sikuwa na pa kutazama.