Mbwa Wawili wa Verla Stroud

Verla Stroud hakuwa mtu wa kusamehe, na atakayekwambia alikuwa mpole, mwulize aliwahi kukaa naye meza moja lini. Kwao Bakersfield walilima vitunguu, na labda ndiko alikojifunza kumliza mtu bila kumgusa. Alifika Los Angeles mwaka 1951 akiwa msichana wa miaka ishirini na mbili, akapata kazi katika studio moja ya katuni pale Hollywood, na miaka ishirini na moja baadaye alikuwa bado anapanda ngazi zile zile na kunywa kahawa ile ile mbaya.

Katika studio ile wanaume walichora ghorofani. Wanawake walikaa chini, wakinakili michoro ya wanaume kwa wino kwenye plastiki angavu, kisha wanaigeuza na kuipaka rangi kwa nyuma. Mwanamume anachora, mwanamke anapaka. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini ukiivunja utaona. Baadaye ikaletwa mashine ya kunakili mistari, na nusu ya wanawake wakaambiwa asante, kwaherini. Verla akabakizwa kwa sababu alikuwa na jicho. Walimfanya mkaguzi: kila plastiki ilipita mikononi mwake kabla haijaenda kupigwa picha, aone kama mbwa ana ukosi wake, na kama msichana aliyeanza kukimbia na sweta nyekundu hajafika mlangoni na ya kijani. Mkaguzi akisinzia, Jumamosi asubuhi watoto wa nchi nzima wanamwona mbwa hana mkia.

Katuni yenyewe mtaijua. Vijana wanne na mbwa wao wawili, wanasafiri na lori la barafu la mjomba wao, kila wiki wanakuta mzimu. Mzimu wa machimbo, mzimu wa kiwanja cha gofu. Wanakimbizwa, wanatega mtego, mtego unawanasa mbwa, na mwisho mzimu unavuliwa kinyago na kumbe ni dalali wa nyumba. Watoto hawakuwajali sana wale vijana. Waliwapenda mbwa: Otis, mrefu kama ngazi na mwoga wa kuku, na Pudding, mfupi, mnene, mwenye kiburi cha malkia.

Na mbwa wale walikuwa wa Verla.

Nasema wa Verla maana walikuwa mbwa wa baba yake, shambani, na yeye ndiye aliyewachora. Kwenye chumba cha kahawa palikuwa na ubao ambao kila mtu alibandika michoro ya kuwatania wenzake. Huo ndio ulikuwa mchezo wa studio, na hata mwenye studio alichorwa akiwa amekalia poti ya mtoto. Siku moja mwaka 1968 Verla akabandika Otis na Pudding wamekaa kwenye meza ya ukaguzi, wamevaa miwani, wanakagua mfupa. Watu walicheka wakashika mbavu. Jumatatu yake mchoro haukuwepo. Miezi mitatu baadaye ukatokea ghorofani, umechapwa upya kwenye karatasi nzuri, na chini yake jina: Gil Prentiss.

Gil alikuwa msimamizi, mtu wa meno mengi na tai ya kamba, aliyejua kuzungumza na wakubwa. Kuchora hakujua. Alikuwa akionyesha kwa kidole, wengine wakichora. Verla alimfuata ofisini.

"Gil, wale mbwa wangu."

"Wako? Mama, ulichora kwenye karatasi ya nani?"

"Ya studio."

"Kwa penseli ya nani?"

"Ya studio. Lakini mkono wangu."

"Basi peleka mkono wako chini ukamalize kupaka," Gil akasema, na akamfungulia mlango kwa adabu zote.

Hilo angeweza kulimeza; alikuwa amemeza mengi. Lililomkwama ni la mama yake. Verla alikuwa amempigia simu mama yake kwa furaha, akamwambia, tazama Jumamosi, utawaona Otis na Pudding, nimewachora mimi. Mama akatazama, akaita majirani, akapika keki ya ndizi. Kisha gazeti likaandika ukurasa mzima juu ya Gil Prentiss, "baba wa mbwa wapendwa", akieleza jinsi alivyowaota akiwa bafuni. Mama akalikata gazeti lile akalituma kwa posta na barua fupi: Verla, kumsimulia mtu habari za mbwa wa baba yako si kuwachora; sikukulea ujivike sifa za watu. Verla alieleza kwa simu, akaeleza kwa barua, akaenda mwenyewe kueleza, na yule mzee akawa anaitikia tu kama mtu anayembembeleza mtoto aliyeshikwa na uongo. Aprili 1972 akafa, na alikufa akiamini hivyo.

Baada ya mazishi Verla alirudi kazini akiwa ametulia, na waliomjua waliogopa utulivu ule. Alitaka mambo mawili: Gil aumbuke mbele za watu, na Gil aseme mbele za watu mbwa ni wa nani. Hakutaka moja bila jingine. Mla cha mwenziwe na chake huliwa, lakini Verla hakuwa tayari kumwachia Mungu kazi hiyo.

Nafasi aliletewa na Gil mwenyewe. Tangu katuni ivume, Gil alikuwa akialikwa mashuleni na mahospitalini kuwachorea watoto mbwa wao. Atachoraje, naye hata yai linamshinda? Alimwita Verla. Kuna penseli ya buluu hafifu ambayo wachoraji wa katuni huanzia nayo, kwa sababu kamera haiioni. Verla alichora mbwa kwa buluu ile kwenye karatasi kubwa, kwa mkono mwepesi kiasi kwamba aliyesimama hatua mbili haoni kitu. Gil akifika anafuatisha mistari kwa kalamu nene nyeusi, huku anapiga soga, na watoto wanapiga makofi. Mara tatu Verla alimfanyia hivyo. Alikuwa akibeba karatasi, anazipanga kwenye fremu, kisha anasimama pembeni na mkoba wa kalamu, kama yaya.

Novemba Gil akashuka ngazi mbio.

"Verla, mpenzi, niokoe. Jumamosi nipo kwenye televisheni. Kipindi cha watoto, moja kwa moja, hewani! Nataka karatasi tatu. Otis, Pudding, na mmoja wa akiba."

"Otis, Pudding, na wa akiba," Verla akasema. "Usiwe na shaka."

"Sijawahi kuwa na shaka nawe."

Mwenzake wa meza ya pili, Irma Castellanos, alimtazama kwa pembe ya jicho. "Shoga, wewe unacheka nini peke yako?"

"Nimekumbuka vitunguu."

Jumamosi ile studio ya televisheni ilijaa watoto thelathini kwenye mabenchi, na taa kali za kuivisha mkate. Mtangazaji alikuwa Sherifu Lonnie, mzee aliyejivika kama askari wa sinema za kauboi, kofia kubwa na nyota ya bati, ambaye kila mtoto wa Los Angeles alikula naye kifungua kinywa Jumamosi. Gil hakuzikagua karatasi. Kwa nini azikague? Mkaguzi alikuwepo.

Karatasi ya kwanza ilikwenda kama maji. Gil alikimbiza kalamu, akatania, na katika nusu dakika Otis alikuwa amesimama pale, masikio chini, anaogopa kuku asiyeonekana. Watoto walipiga kelele. Gil akainamisha kichwa kama mpiga fidla.

"Na sasa," Sherifu Lonnie akasema, "kuna binti yetu hapa leo ametimiza miaka saba. Rochelle, njoo mbele. Unamtaka nani?"

"Pudding!"

"Pudding atakuja sasa hivi," Gil akasema, akafunua karatasi ya pili, akainua kalamu.

Mkono ukabaki juu. Alisogeza uso. Alirudisha uso nyuma. Akainama kushoto ili taa imsaidie. Karatasi ilikuwa nyeupe, nyeupe ya sanda, haina hata alama ya ukucha. Aligeuka akamtazama Verla, na Verla akamtazama yeye kwa upole mkubwa. Raha aliyoipata wakati ule, alisema baadaye, ilikuwa haramu.

"Taa zenu kali, Sherifu," Gil akasema.

"Jikaze, bwana, binti anasubiri."

Akachora duara. Lilitoka kama kiazi. Akaongeza miguu minne, mmoja ukatokea tumboni. Masikio aliyapachika kama vijiko. Watoto mabenchini wakanyoosha shingo.

"Huyo ni nguruwe?" Rochelle akauliza.

Mabenchi yakalipuka. Sherifu Lonnie akajaribu kufunika. "Hapana, bibie, ni Pudding amejificha, wezi wasimjue."

"Si Pudding. Huyu mjomba hajui kuchora."

Jasho lilikuwa likimtiririka Gil hadi kwenye tai. Akanong'ona bila kufungua meno, "Verla. Njoo hapa."

Verla akaja. Akaipokea kalamu. Hapo angechora tu, jiji zima lingeona mkono ni wa nani. Lakini hakuchora. Alimwangalia usoni.

"Kwanza sema ni wa nani."

"Verla, tuko hewani."

"Ndiyo maana."

"Nitakufanyia lolote. Chora."

"Sema, Gil."

Pembeni mwa kamera msaidizi alikuwa akizungusha kidole hewani na Sherifu Lonnie alikuwa akisema jambo kwa haraka, lakini Verla hakusikia wala hakugeuka. Alikuwa na uso mmoja tu mbele yake, na aliufaidi unavyobadilika rangi. Gil alitazama watoto. Mwisho akasema, kwa sauti iliyofika mpaka benchi la nyuma:

"Ni wake. Mbwa wote wawili. Anaitwa Verla Stroud, alichora yeye, na mimi nilibandua mchoro wake ubaoni nikaandika jina langu. Umeridhika?"

"Mama yangu hayupo kusikia," Verla akasema, akaigeukia karatasi ya pili, akaichana, akaitupa, na kwenye iliyofuata akamchora Pudding. Mistari kumi na miwili, bila buluu, bila kusita: tumbo, pua juu, mkia wa dharau. Watoto walivuta pumzi kwa pamoja.

Ndipo akainua macho, na akaona taa nyekundu juu ya kamera imezimika. Kwenye runinga ndogo ya pembeni bakuli la nafaka za asubuhi lilikuwa likimiminiwa maziwa. Lilikuwa tangazo. Lilianza tangu alipokuwa akimwambia Gil aseme, na kila alichosema Gil kilisikika kwa watoto thelathini na wapiga picha wawili.

Gil naye alikuwa ameiona. Meno yake yote yalirudi mahali pake. "Pole, mama," akasema taratibu. "Lakini mbwa ni mzuri."

Taa nyekundu ikawaka.

"Tumerudi!" Sherifu Lonnie akapaza sauti. "Na tazameni, Pudding huyu hapa! Bwana Prentiss alikuwa anatutania tu, jamani! Mpigieni makofi!"

Gil akainamisha kichwa. Verla alihisi damu inapanda mpaka kwenye macho. Alikumbuka mama yake, gazeti, barua ile fupi, na angeweza kupiga kelele, nao wangemwondoa kama kichaa na Los Angeles ingemcheka. Hakupiga kelele. Aliubandua mchoro wa Pudding, akaukunja vizuri, akaufunga kwa utepe wa nywele zake mwenyewe, akampa Rochelle.

"Huyu wako, mwanangu. Heri ya kuzaliwa."

Kisha akafungua kabati dogo chini ya fremu, mahali televisheni inapowekea vifaa vyake, akatoa bunda zima la karatasi kubwa, nyeupe, safi, akaziweka mbele ya Gil. Akamtia kalamu mkononi na kumfunga vidole juu yake.

"Bwana Prentiss ana bahati," akawaambia watoto, kwa sauti tamu kama ya mwalimu wa chekechea. "Leo ana muda. Nani mwingine anataka Pudding wake?"

Mikono ishirini na tisa ikanyooka. "Mimi! Mimi! Mimi!" Sherifu Lonnie, aliyependa watoto wakipiga kelele, akacheka na kuwaambia wapange mstari. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba kipindi kimebakiza dakika tisa, na msaidizi wa kamera alitikisa kichwa alipoulizwa na Gil kwa ishara: matangazo yamekwisha.

Mtoto wa kwanza alikuwa ameshafika mbele. Gil alimtazama Verla kama mtu anayezama anavyotazama ufukwe. Verla alirudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono, akasubiri achore.