Siku Nilipookotwa Kilimani

Nilipokuwa mtoto pale mtaa wa Gerezani, Dar, kilima nilichokijua kilikuwa rundo la vyuma chakavu nyuma ya gereji ya jirani, na hilo lenyewe tulikatazwa kulipanda. Kwa hiyo Bibi, mama yake baba, aliposema likizo ile ananipeleka kwao Kisarawe tukazunguke kilima, nililala na viatu miguuni. Watoto wote wa uani niliwatangazia. Nani kati yao alishawahi kuzunguka kilima?

Hakuna mtu mzima aliyeniambia kwamba mimi ni kigego.

Kigego ni mtoto ambaye meno yake ya juu yameota kabla ya ya chini. Basi, kosa ni hilo tu. Kwa wazee wetu mtoto wa namna hiyo ni nuksi, anawamaliza ndugu zake. Mama aliyaona meno yangu akanyamaza. Kila mgeni akija alinifunika kinywa kwa mtandio. Lakini mimba mbili zilizofuata ziliharibika, na ya tatu ilipoanza kuonekana hofu ikamzidi, akamwambia mkwewe. Haya nimeyajua baadaye. Wakati ule nilijua jambo moja: nataka mdogo wangu. Ugomvi ukizuka uani wenzangu waliita kaka zao. Mimi nimwite nani?

Tulikwenda watatu: mimi, Bibi na Shangazi Mwanaidi, dada yake baba. Asubuhi ya matembezi Bibi akanitupia kanga yake mabegani na kunishika mkono. Shangazi akasema tutangulie, yeye anakuja nyuma.

"Kilima kiwe upande wetu wa kulia mpaka tunamaliza," Bibi akaniambia. "Na ukishaanza, hurudi ulikotoka."

"Kwa nini, Bibi?"

"Maswali kama karani! Tembea."

Kilikuwa kilima cha kawaida kabisa, mikorosho chini, vichaka juu, njia nyembamba imekizunguka kama mkanda kiunoni. Niliimba njia nzima. Tulipofika upande wa pili, ambako nyumba hazionekani tena, Bibi akanikalisha kwenye jiwe, akaichukua kanga yake, akasema bila kunitazama:

"Kaa hapa. Wewe si wetu tena. Atakayekuokota ndiye mwenyewe."

Nilicheka. Kwetu bibi na mjukuu wanataniana, na Bibi alikuwa ameshawahi kuniita mke mwenza, mchawi, na kikongwe mwenzake. Nikangoja ageuke. Akafika kwenye kona, kona ikammeza, na hakugeuka.

Mpango wao ulikuwa hivi: Shangazi atufuate kwa njia ile ile, anikute, aseme "Nimeokota mtoto," kisha anirudishe kama mtoto mpya asiye na nuksi. Lakini Shangazi kazaliwa na kukulia mjini. Alipofika pale njia inapogawanyika akashika ya kulia, maana jambo la heri huanzwa kwa kulia, na kilima chote kikabaki kushoto kwake. Akagongana na Bibi uso kwa uso.

"Mwanaidi! Umetokea wapi huku?"

"Si naenda kumchukua mtoto, mama!"

"Kwa njia hii? Umekizunguka kinyume! Ukipita hapa umemrudishia nuksi yake yote!"

Basi wakakwama. Bibi haruhusiwi kurudi, Shangazi haruhusiwi kupita. Watu wazima wawili, wenye akili zao, wamesimama porini wanabishana mguu gani ukanyage wapi, na mtoto yuko peke yake nyuma ya kilima. Shangazi alinisimulia haya mwaka jana huku akicheka mpaka machozi. Mimi sikuona cha kucheka.

Maana mimi nilikuwa nimeita mpaka sauti ikakauka. Nyuma nimekatazwa kurudi, mbele Bibi ameniambia mimi si wao. Niende wapi? Nilijikojolea palepale juu ya jiwe.

Aliyenikuta ni mama mmoja aliyebeba kuni, simjui hanijui.

"We mtoto! Wa nani wewe?"

"Bibi amesema mimi si wao tena."

Akautupa mzigo chini. "Toba! We ni kigego?"

"Hapana, mimi naitwa Rehema."

Akanitazama kidogo, akainama, akanibeba mgongoni na mkojo wangu. Kuni akaziacha hapohapo. Tukaenda hivyo mpaka tukawakuta Bibi na Shangazi bado wanagombana. Bibi alipotuona akakaa chini kwenye vumbi.

"Mchukueni mtoto wenu," yule mama akasema.

"Siwezi kumgusa," Bibi akajibu. "Umemwokota wewe. Ni wako, mpaka umtoe kwa kinywa chako."

"Na nisipomtoa?"

Shangazi akaanza kulia. "Dada yangu, nakuomba. Mama yake ni mjamzito, yuko Dar anatusubiri."

Yule mama akanishusha, akachuchumaa mbele yangu. "Unataka kwenda na huyu?"

Nikasema ndiyo, naye akamwambia Shangazi, "Haya, mchukue, nimekupa." Katika habari hii yote, ni yeye peke yake aliyeniuliza.

Lakini lililonishtua zaidi lilinisubiri nyumbani. Tulipofika, Mama alikuwa mlangoni, tumbo mbele. Nikamkimbilia. Akaunyoosha mkono kunizuia, akamtazama Shangazi.

"Umetuletea mtoto wa nani?"

"Nimemwokota."

"Basi tutamlea."

Ndipo akanikumbatia. Mimi mikono yangu niliiacha ikining'inia. Mama alijua.

Mdogo wangu Idrisa akazaliwa, mzima, mwenye kelele. Sasa ananizidi kimo. Mpaka anafariki, Bibi alikuwa akimwonyesha kwa kidole na kuniambia, "Si unaona?" Kwenye mdahalo chuoni hoja hiyo naipasua kabla mtu hajakaa: jambo kufuata jingine si kusema limesababishwa nalo. Nenda kamwambie hivyo mwanamke aliyepoteza mimba mbili. Na nikisema kilima hakikufanya kitu, Idrisa ananiangalia kama vile namwonea wivu kuwa hai.

Mwezi uliopita nilimkuta Mama peke yake jikoni, anamenya vitunguu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia wanachokwenda kunifanyia.

"Ungekubali?" akauliza haraka, kama mtu aliyeliweka jibu hilo tayari kwa miaka.

"Ningekubali, Mama. Nilimtaka Idrisa kuliko nyinyi wote. Mngeniambia, ningekwenda kulikalia lile jiwe mwenyewe."

Mama akaweka kisu chini. Nilimwona anatafuta la kusema na halipati, na mimi, ambaye mwenzangu akikosa jibu huwa nasogea nimmalize, nilivuta kigoda nikakaa karibu yake. Bado nina hasira. Lakini alikuwa analia, na hatukuwa na haja ya kusingizia vitunguu.