Nilivyoipeleka Simu ya Marehemu Redioni

Kwenye kituo cha afya ninapofanya kazi wananiita daktari wa mawazo. Mimi si daktari. Nina cheti cha kidato cha nne, cheti kingine cha kozi ya ushauri nasaha, na kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi. Nikimsikiliza mtu naegemea upande, naye anadhani naegemea kwa huruma.

Kazi yangu ya pili ni kuandika hadithi. Kuna redio ilikuwa inasoma hadithi kila Jumapili mchana, wakachukua moja ya zangu, wakazoea kuniagiza. Kazi zote mbili ni za kukaa, ndiyo maana nilizipenda. Mimi kutoka nyumbani Nsemulwa kwenda sokoni Kashaulili, humu humu Mpanda, naona nimesafiri. Mume wangu husema nikizaliwa mara ya pili nitazaliwa kochi.

Kuna mama aliletwa kwangu na nesi kwa sababu presha yake ilikuwa haishuki. Anauza mchele Majimoto, na kila baada ya wiki mbili alikuwa anakuja Mpanda na magunia yake. Mwanawe wa pekee alikuwa amefariki kwa ajali ya pikipiki. Alikaa mbele yangu siku ya kwanza kimya, mikono kwenye mapaja, akiangalia kalenda ya ukutani kama vile ndiyo iliyomwita.

Kwenye kozi walitufundisha kusubiri. Nilisubiri nikachoka. Basi nikatumia dawa ya nyumbani, maana makabila yetu ni watani.

"Nyie watu wa ng'ombe," nikamwambia, "hata kulia mpaka ng'ombe aanze?"

Akanigeukia taratibu. "Na nyie wachawi mnaotuma radi, mmetuma na hii presha?"

Tukacheka. Halafu akalia, na kuanzia hapo akawa anaongea. Mtani anaruhusiwa mengi. Kwenye msiba anaweza kuigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anaweza kuondoka na kuku wa wafiwa, na hakuna anayemwita mwizi.

Siku moja akaniambia habari ya simu. Kila Jumamosi alikuwa anaipeleka simu ya mwanawe kibandani kuchajiwa, pale sokoni kwao. Haipigi, haisomi, hata kusoma hajui. "Ila sitaki mtu ampigie aambiwe hapatikani," akasema. "Asipopokea, watajua yuko shambani."

Nilitikisa kichwa kama nilivyofundishwa. Lakini nitasema ukweli: kabla sijamwonea huruma, nilishasikia kwamba ile ni hadithi. Ilikuwa imekaa tayari, na mwanzo wake na kila kitu. Nilirudi nyumbani kwa haraka ambayo mume wangu alidhani ni tumbo.

Niliandika kwa siku mbili. Mama nikamfanya baba. Mchele nikaufanya alizeti, Majimoto nikaihamishia Singida, ajali ikawa homa. Nikajiona mtaalamu wa kutunza siri. Simu sikuigusa, maana bila simu hakukuwa na hadithi. Na moyoni nikajiambia, huyu ni mtani wangu, hata akijua atanitukana kidogo tutacheka.

Nilipoituma redioni, mtangazaji akanipigia. "Nzuri sana dada, ila mwisho unasikitisha. Watu ni Jumapili, wametoka kanisani. Tupe mwisho wenye matumaini."

Nikampa. Yule baba wa Singida akaizima simu ya mwanawe kwa mkono wake, akaizika chini ya mgomba, akalala usingizi mzito, akaamka amepona. Niliutunga mwisho huo huku nachambua dagaa. Ilisomwa, watu wakapiga simu studio wakilia. Wiki nzima nilitembea kama bibi harusi.

Zamu yake ilipofika, mama hakuja. Wiki mbili nyingine zikapita, tena hakuja.

"Labda amepona," mume wangu akasema.

"Hivi mimi nimewahi kumponya nani?"

"Mimi. Nilikuwa napenda kuongea, umeniponya."

Sikucheka, akajua kuna jambo. Nikamweleza yote. Akasema, "Kesho unakwenda Majimoto. Na usinitume mimi."

Nikaenda, mimi nisiyekwenda popote. Nilipofika vumbi lilikuwa limenifanya mzee. Nilianza na kibanda cha kuchajia simu, kwa woga wa kumkabili mwenyewe. Mwenye kibanda alikuwa mtu wa makamo, hakujua mimi ni nani; nilimtaja yule mama tu, akaongea bila kuulizwa sana.

"Hadithi yake si ilisomwa redioni? Walimgeuza mwanamume, lakini simu ya marehemu inayochajiwa Jumamosi hapa ni moja tu. Watu wakawa wanakuja kuiangalia. Wengine wanaipigia waione inavyoita. Halafu majirani wakamshauri: yule wa redioni alizima akapona, na wewe zima. Hata mchungaji wake alimwambia. Mwisho akaja akaichukua."

"Akaizima?"

"Akaizika, dada. Kama ilivyosomwa. Ila yeye hana mgomba, ameizika nyuma ya choo."

Nilimkuta mama kwenye mchele wake, amekonda, kitenge kimemzunguka mara mbili. Aliponiona akapaza sauti soko zima likasikia.

"Mtani! Leo radi imekuja kwa miguu?"

Wenzake wakacheka. Nikasogea, nikamwambia kwa sauti ya chini nimekuja kuomba msamaha.

"Mtani anaomba msamaha? Hujalelewa?" Bado alikuwa anacheka. Kisha akainama kuchota mchele, na pale chini, ambapo wenzake hawakumwona uso, akasema, "Mtani akichukua kuku wangu, anamchukua namwona. Namrushia fimbo, anakimbia, tunacheka. Wewe ulinikuta nimefumba macho."

Nikainama naye kuokota punje zilizodondoka.

"Tukaifukue," nikasema. "Twende sasa hivi, mimi na wewe."

"Mvua imenyesha mara tatu." Akainuka na kopo la mchele, sauti ikarudi juu. "Kilo ngapi?"

Nikasema mbili. Akapima, akaongeza konzi ya nyongeza juu, kama anavyofanyiwa mteja yeyote.

"Alhamisi uje kituoni," nikamwambia. "Tafadhali. Hata tusiongee, nesi akupime tu."

"Nije kufanya nini, mtani? Si mimi nimepona? Redio imesema."

Nikamuuliza kama bado anakunywa dawa za presha. Alikuwa ameshamgeukia mteja mwingine.