Mtihani wa Majina Yaliyofunikwa

Harufu ya blanketi jipya mpaka leo inanifanya moyo uende mbio. Sisemi usafi, nasema ile harufu ya plastiki na naftalini inayokupiga puani unapopasua mfuko, na kwangu mimi imechanganyika moja kwa moja na mvuke wa tangawizi na mikate laini ya Kichina iliyokuwa ikiiva kwenye sufuria ya umeme nyuma ya duka. Duka lenyewe lilikuwa Jeppestown, ndani ya ghala la zamani lililogawanywa vibanda, na mwenyewe alikuwa Mzee Shen, Mchina aliyeuza mablanketi kwa jumla. Mama yangu, mwanamke wa Bukavu, alikuwa na cherehani yake kwenye kona ya duka hilo, akipinda mapazia na kurekebisha mashuka ya wateja. Jumamosi hakukuwa na shule, na mama hakutaka nibaki peke yangu kwenye jengo letu, kwa hiyo nilikwenda naye kazini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nazungumzia baridi ya mwaka 2017, ile baridi kavu ya Johannesburg inayopasua midomo, na nasema bila haya kwamba sijapata baridi tamu kama ile.

Nyuma ya duka, pazia likiwa ndio ukuta, kulikuwa na chumba kilichojaa maboksi, na humo mdogo wake wa kike Mzee Shen alifundisha watoto wa wafanyabiashara wa Kichina. Tulimwita Laoshi, yaani mwalimu, na hadi leo sijui jina lake jingine. Wengi wa watoto wale walizaliwa hapa hapa Johannesburg. Kichina chao kilikuwa cha kuchechemea, wakigombana waligombana kwa Kizulu, na ndiyo maana Laoshi aliwafundisha kuandika kwa Kichina lakini maelezo yote aliyatoa kwa Kiingereza, huku akihema kwa masikitiko. Jumamosi ya kwanza nilikaa juu ya robota la mablanketi, nikichungulia. Laoshi akanijia na penseli mkononi. Akasema aliye darasani ni mwanafunzi, na asiyetaka kusoma akakae barabarani. Sikuulizwa mimi ni wa nani wala nimetoka nchi gani. Nilishika penseli kwa mikono miwili, kama nilivyoona wenzangu wanavyopokea vitu kwake, na nikaona jicho lake limecheka.

Kumbe yale aliyokuwa akifundisha yalikuwa moto! Wengine walisinzia, mimi nilikaa ukingoni mwa kiti. Yalikuwa mafunzo ya Konfusio, ambayo Wachina wamelelewa nayo kwa karne na karne, na Laoshi aliyaeleza kama mtu anayesimulia ugomvi wa majirani. Kwamba nchi inaanzia nyumbani: asiyeweza kuweka sawa meza yake ya chakula asiombe kuweka sawa mkoa. Kwamba mtawala hatawali kwa fimbo, anatawala kwa jinsi anavyoishi mwenyewe, maana watu wanamtazama. Kwamba ukiitwa mtawala halafu hufanyi kazi ya mtawala, hilo jina umelivaa tu, halikutoshi. Mimi nilitoka katika watu waliokimbia nyumbani kwa sababu ya wakubwa waliovaa majina yasiyowatosha, nanyi mnaniuliza kwa nini nilisisimka? Nilirudi nyumbani nimeshiba maneno, nikimsimulia mama mpaka ananiambia Sifa, funga mdomo huo.

Mama mwenyewe alikuwa akisikiliza kila kitu kupitia lile pazia. Siku moja Laoshi alikuwa akitutajia mahusiano makuu ambayo jamii inasimama juu yake: mtawala na raia, baba na mwana, mume na mke, mkubwa na mdogo, rafiki na rafiki. Cherehani ikanyamaza. Kichwa cha mama kikachomoza, sindano mdomoni.

"Laoshi, pardon. Na mama iko wapi mu ile liste?"

Ilinibidi nimtafsirie Laoshi kwa Kiingereza, na nilitamani ardhi inimeze. Laoshi alifikiri kwanza, akajibu kwamba mama ndiye anayewalea wote hao, mtawala, baba, mwana na rafiki.

"Basi iko na kazi bila cheo," mama akasema. "Ata kwetu ni vile vile."

Walicheka pamoja wale wanawake wawili, na tangu siku ile mama alikuwa akiletewa mkate wa kwanza kutoka kwenye sufuria. Lakini swali lake halikufa. Mimi nilikuwa tayari nimeona kwamba katika chumba kile, chenye mafunzo mazuri vile, wasichana ndio waliomimina chai na wavulana ndio waliomiminiwa.

Wakati baridi ilipokolea, Laoshi akatangaza kwamba darasa litapata monita. Na monita hatachaguliwa kwa kupendwa, wala kwa umri, wala kwa kuwa mtoto wa fulani. Atapatikana kwa mtihani, maana Uchina ya zamani ilitafuta maofisa wake hivyo: kijana alisoma, akafungiwa kwenye kibanda, akaandika, na jina lake likafunikwa kwa karatasi ili msahihishaji asimpendelee mpwa wake. Hata majibu yalinakiliwa upya na mtu mwingine, mwandiko usije ukamsaliti mtu. Sisi tutafanya vilevile, akasema. Tukapiga kelele za furaha, isipokuwa Wei. Wei alikuwa mjukuu wa Mzee Shen, mcheshi mwenye viatu vya gharama, na alikuwa ameshajitawaza.

"Eish, sisi," akaniambia kwa Kiingereza chake cha mtaani, ambamo sisi ni dada na sharp ni sawa, "wewe soma tu upate joto. Funguo za kabati la darasa zitakaa mfukoni mwangu, sharp?"

"Sharp," nikamjibu. "Zitakaa huko mpaka nikuambie uzilete."

Nilitaka cheo kile, nisidanganye mtu. Shuleni kwetu nilikuwa "yule mkwerekwere", neno wanalowatupia wageni weusi wa nchi hii, na sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyewahi kunipa hata chaki nigawe. Nilijifunza zile herufi za Kichina kwa kuziandika kwa kidole kwenye vioo vyenye mvuke, kwenye unga wa ugali, kwenye mgongo wa mama akiwa amelala. Sehemu ya pili ya mtihani ilikuwa swali moja la kujibu kwa Kiingereza: ukipewa mji uutawale, utaanza na lipi? Nikafikiria jengo letu, ambalo lilikuwa karakana zamani. Maji hayakupanda ghorofa za juu tulikokaa sisi. Mwenyekiti wa jengo alikaa chini, alikooga asubuhi akiimba. Nikaandika kwamba nitaanza kwa kumhamisha mtawala akakae ghorofa ya juu kabisa, na kwamba naamini maji yatapanda wiki hiyohiyo.

Muuza mikoba wa kibanda cha pili ndiye aliyenakili majibu yote. Laoshi akasahihisha, na Jumamosi iliyofuata akaweka karatasi zetu wenyewe mezani, kila moja na kiraka cheusi juu ya jina. Bora ikawekwa peke yake. Birika lilikuwa likichemka. Akaishika karatasi juu ya mvuke ili gundi ilainike, na sote tukajazana kumzunguka, tukisukumana, mtu ananipumulia shingoni, kitunguu saumu kitupu, na kile kiraka kinajikunja taratibu kona moja, halafu nyingine. Kikadondoka. SIFA. Mama alipiga kigelegele upande wa pili wa pazia kabla mimi sijaamini macho yangu!

Mzee Shen aliingia kutokana na kile kigelegele. Alitazama karatasi, akamtazama mjukuu wake, akaongea na Laoshi kwa Kichina, kwa sauti ya chini ya mtu asiyezoea kurudia. Wei akanitafsiria pembeni, masikio yamemwiva. Babu anasema mchezo umekwisha. Darasa liko ndani ya duka lake, watoto ni wa Kichina, monita ni Wei. Na anasema yeye ni kaka mkubwa.

Hapo ndipo nilipoona mtego. Maana Laoshi mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba mdogo humtii mkubwa! Sasa afanye nini? Akimtii kaka, mtihani ni uongo. Akimkatalia, heshima ni uongo. Nilianza kukusanya vitu vyangu. Nilikuwa nimeshazoea kuondoka kabla ya kufukuzwa. Lakini Laoshi alimimina chai, mwenyewe, hakumtuma msichana yeyote. Akaenda mbele ya kaka yake, akainama, akakinyoosha kikombe kwa mikono miwili, akaanza kusema, polepole, kichwa chini. Wei aliacha kutafsiri, nikambana ubavuni kwa kiwiko.

"Anasema mdogo anayemwacha mkubwa wake akosee, huyo hamheshimu," Wei akanong'ona. "Anamtupa. Anasema anampenda mno kumtupa."

Mzee Shen hakupokea kikombe. Laoshi hakukishusha. Chai ikaacha kutoa mvuke. Alikuwa mwanamke mnene, mtu mzima, mwenye magoti mabovu, ameinama kwa ajili ya mtoto wa fundi cherehani wa Kikongo. Mama alikuwa amesimama penye pazia, ameshika nguo ya mteja kifuani. Sijui ni muda gani ulipita, lakini nilikuwa nikilia bila sauti na sikuwa na huzuni hata chembe. Hatimaye yule mzee alitoa pumzi ndefu, akapokea kikombe kwa mikono miwili naye, akainywa ile chai iliyopoa mpaka mwisho. Akatoka. Laoshi alijinyoosha, akajisugua kiuno, akaniita mbele. Darasa zima likapiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Wei, alaaniwe, kwa sababu alishachoka kubebeshwa ukubwa na babu yake.

Ukubwa wenyewe niliujua Jumamosi iliyofuata. Wavulana walivunja taa, na aliyefagia vioo ni mimi. Monita anafika wa kwanza, anakula wa mwisho, na darasa likikosea anaulizwa yeye. Nililalamika, Laoshi akashangaa kweli: kwani nilidhani cheo ni cha nini? Nilifagia. Na agizo langu la kwanza lilikuwa kwamba chai imiminwe kwa zamu, wavulana nao. Wei alimwaga nusu birika mezani, tukacheka mpaka tukaumwa mbavu. Miaka miwili baadaye ghala liliuzwa, nao wakahamia mji mwingine.

Sasa mimi ni mama. Binti yangu ana miaka mitatu, anakwenda kreshi, yaani chekechea, ya watu wetu hapa mjini, na choo cha watoto kimeharibika tangu sijui lini. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi ni mzee anayejiita Papa wa wote, yaani baba, na anataka kiti kimwendee shemeji yake bila kura. Niliposimama kuuliza habari ya choo, wakaniambia niwe na heshima, Konfusio wao wa Kikongo, wa nusu somo: wamekariri kutii, wamesahau kwamba mkubwa naye anadaiwa kazi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili katikati ya maboksi, kati ya watu ambao si wa damu yangu, na nikatendewa haki. Leo nina miaka ishirini na kitu, niko kati ya watu wa lugha yangu, na ninaambiwa nikae chini. Nina hasira mpaka usingizi unakimbia, lakini ndani ya hasira hiyo kuna ule msisimko wa zamani, ule wa kujua jambo na kungoja zamu yangu ya kulisema. Mkutano ni Jumapili baada ya ibada. Nitavaa kitenge, nitamwamkia Papa kabla ya wote, nitamwinamia, maana umri wake siuchezei. Kisha nitaomba kura. Na akiniambia keti, mtoto, nitamjibu kwa heshima zote kwamba mtoto ni yule niliyemwacha kwa jirani, ambaye kila siku anarudi kutoka kreshi mbio akiwahi choo, miguu ameibana, hawezi hata kunisalimia.