Matawi ya Kuwekea Basi

Juzi pale Emali nilimkuta msichana wa chuo ameketi kando ya barabara, akiandika ni wangapi wanapita kwa miguu na wangapi kwa baiskeli. Aliniuliza nilikuwa nikienda shule vipi. Nikakumbuka alasiri moja karibu na Mutomo.

Nilikuwa nikitoka shule na Mjomba Kioko, yeye akisukuma baiskeli yake, tukafika kwenye mto wetu wa mchanga, mkavu kama kawaida. Basi lilikuwa likikwama hapo kila mara. Ukikata matawi na kuyatandika mchangani lipite, kondakta anakubeba bure. Mimi nilijivunia kulitambua kwa mlio kabla halijaonekana.

Jua lilikuwa kali. Ghafla nikanusa udongo uliolowa, na juu hakukuwa na wingu hata moja. Kisha nikasikia ngurumo nzito nyuma ya kona.

"Mjomba, basi hilo!"

"Una hakika?"

"Ni lenyewe!"

Alicheka, akaniachia baiskeli ukingoni, akakata matawi, akashuka nayo mtoni. Ndege wote walikuwa wamenyamaza. Ngurumo ikazidi, nami nikawa napiga makofi kumhimiza.

Sasa najua kwamba mvua ikinyesha kule milimani, mto hutushukia hata kwetu kukiwa na jua.

Yule msichana alikuwa bado anangoja, kalamu mkononi. Nilimjibu kwamba nilienda kwa miguu. Sikumwambia kwamba siku hiyo nilirudi nyumbani nikisukuma baiskeli, peke yangu.